Ukurasa wa Lusegwa

Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jesca alifungua ofisi ya Jumuiya ya Maji Mitiririko pale Bigwa, akafagia, akawasha kompyuta, akaenda kununua vitumbua. Aliporudi alikuta meza imelowa. Aliinua chupa ya chai, akaikagua kitako, ilikuwa nzima. Kisha akaona kwamba maji yalikuwa yakidondoka kutoka ukingo wa chini wa skrini, tone moja kila baada ya sekunde mbili. Yalikuwa ya baridi. Dimbwi lililokwisha kujikusanya juu ya faili la likizo lilikuwa na punje chache za mchanga wa mtoni. Kwenye skrini ulikuwa umefunguka ukurasa wa Chemba Namba Tisa, shimo lenye valvu ya bomba. Jesca akahamisha faili, akaleta beseni la kuoshea vikombe, akaliweka chini ya skrini, akaketi kando yake kuandika barua za siku.

Jumuiya hiyo ilikuwa na wafanyakazi kumi na mmoja, matangi matatu, kilomita thelathini na nne za bomba, na kwa miaka mingi ilikuwa na kichwa kimoja tu. Kichwa hicho kilikuwa cha Bonifasi, fundi aliyeyafukia mabomba mengi kwa mikono yake. Alipostaafu akahamia Kilosa kwa mwanawe, aliondoka na kitanda, kuku sita na mahali ilipo kila valvu. Mwezi wa pili baada ya hapo bomba kuu lilipasuka. Nusu ya Bigwa ilikaa siku kumi na moja bila maji, mafundi wakichimba hapa na pale kama fuko, hadi valvu ilipopatikana chini ya sakafu ya saluni. Bonifasi alipopigiwa simu alikuwa amekwisha kusahau. Alikumbuka mti tu, na mti ulikuwa umekatwa.

Jesca alikuwa na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na hasira ya mtu aliyebeba ndoo siku kumi na moja. Alifungua kwenye kompyuta kitabu kisicho na mwandishi mmoja. Vitabu vya namna hiyo huitwa wiki, lakini ofisi tayari ilikuwa na wiki za siku saba na hazikuwa zikitosha kazi, kwa hiyo wakakiita Kitabu cha Wote. Mfanyakazi yeyote angeweza kuandika ukurasa, na yeyote angeweza kusahihisha wa mwenzake. Kilichofutwa hakikupotea. Kilibaki chini, tabaka juu ya tabaka, pamoja na jina la aliyekiandika na saa aliyokiandika, kama udongo unavyoonekana ukutani mwa shimo refu.

Mafundi hawakukipenda.

"Nikishaandika yote niliyonayo, mtanihitaji kwa lipi?" aliuliza Abeid, fundi mkuu, aliyekuja kila asubuhi kwa baiskeli kutoka Mwembesongo. "Ujuzi wangu ndio mkataba wangu, binti."

Jesca hakubishana naye. Aliandika mwenyewe ukurasa wa Chemba Namba Tisa, akauandika vibaya kwa makusudi, akauacha wazi saa ya chai.

"Nani kaandika uchafu huu?" Abeid aliuliza, kitumbua mkononi.

"Mimi, mzee."

"Nyuma ya msikiti! Nyuma ya msikiti kuna vyoo. Unataka vijana wangu wakachimbe vyoo?"

"Mimi nilisikia ni nyuma ya msikiti."

"Umesikia kwa nani? Futa."

"Futa wewe, mzee wangu. Mimi sijui iliko."

Abeid akaketi. Kwa kidole kimoja, kwa dakika hamsini, aliandika mahali ilipo chemba, na kwamba mfuniko wake huinuliwa kwa upande wa mashariki. Aliandika kwamba valvu yake hufungwa kwa kugeuzwa kushoto, na anayeigeuza kulia huivunja. Mwishoni akaongeza kwamba yeye mwenyewe aliivunja mwaka 2011. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Asubuhi yake ndipo beseni lilipohitajika.

Ndani ya mwezi mmoja ofisi nzima ilikuwa imeielewa kanuni. Ukurasa wa kweli ulitoa maji. Ukurasa ulionakiliwa kutoka kwenye ripoti za zamani ulikuwa mkavu, na ule wenye nusu ya ukweli ulitoa jasho kidogo pembeni halafu ukakoma. Ulioandikwa na mtu mmoja, hata akiwa hodari, ulidondoka tu. Ulipopitiwa na watu watatu, kila mmoja akiongeza alichokiona na kurekebisha alichokosea mwenzake, ulianza kutiririka. Abeid alichunguza jambo hili kwa siku kadhaa kisha akasema ni suala la msukumo, na msukumo hauletwi na bomba moja. Baada ya hapo alikuwa wa kwanza kukaa mbele ya kompyuta na wa mwisho kuondoka.

Kazi ikawa nyingine kabisa. Bomba lilipopasuka karibu na barabara, kijana aliyeajiriwa wiki mbili kabla alifungua Kitabu, akasoma, akaenda moja kwa moja kwenye valvu, akaifunga kabla tope halijafika mlangoni mwa mtu. Wakulima wa kabichi waliokuwa wakija kugombana walionyeshwa ukurasa wa zamu za kumwagilia, wakausahihisha papo hapo kwa maneno yao, wakaenda zao wakiwa wamejaza vidumu. Watu wa jumuiya nyingine walikuja kujifunza, na Jesca aliwaambia waje na mabeseni. Waliona watu kumi na mmoja wanaojua kila mmoja alichokijua mwenzake, wakakiri kwamba hawajawahi kuona ofisi ya namna hiyo.

Aliyetoa maji mengi kuliko wote hakujua kutumia kompyuta. Alikuwa Filomena, mtembea bomba. Mara tatu kwa juma alilifuata bomba kutoka kwenye banio, ukuta unaokinga maji ya chanzo, juu kabisa milimani, hadi tangi la kwanza, akisimama kila baada ya hatua mia mbili, ncha moja ya fimbo yake juu ya bomba na nyingine sikioni, akisikiliza. Alizaliwa Lusegwa, kitongoji kilicho jirani na chanzo, na bado aliishi huko pamoja na mama yake. Akishuka ofisini kutoa taarifa huketi, hunyoosha goti lake la kulia, husema, na Jesca huandika.

"Shikamoo, mama. Leo tuna ukurasa wa Chanzo," Jesca alimwambia siku moja. "Meneja ameuandika vizuri, una kimo, una lita kwa sekunde, una ramani. Lakini mkavu."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee." Jesca akamsomea. "Hajasema maji ni ya nani."

"Maji ni ya umma, mama."

"Ya umma yakishafika huku chini. Kule juu yana mwenyewe. Andika."

Jesca akaandika. Chanzo kiko kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake Filomena, kwa kuwa kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Mkubwa wa ukoo ni huyo mama yake, Eufrazia. Miaka kumi na saba iliyopita Eufrazia aliruhusu bomba lipite katikati ya shamba lake la maharage kwa sharti moja, alilolisema mbele ya padri na mwenyekiti wa kitongoji, na watu wote wakaitikia: Lusegwa ichote kwanza. Abeid akaongeza mlio wa maji yale kiangazi na mlio wake masika. Kijana mgeni akaongeza kwamba ngazi ya kushukia banio imelegea. Ukurasa ukatoa maji unene wa kidole gumba, na ilibidi waache kuufungua siku za Ijumaa kwa sababu sakafu haikauki mpaka Jumatatu.

Ndipo Filomena akauliza kama Lusegwa nayo ina ukurasa.

Ilikuwa nao. Aliuandika Meneja Geofrey mwenyewe, mistari miwili: Kitongoji cha Lusegwa kina kituo kimoja cha kuchotea maji. Kituo kinafanya kazi. Ukurasa huo haukuwa mkavu tu. Vumbi jekundu lilikuwa limejikusanya kwenye pembe za skrini, na ulipofunguliwa Jesca alikohoa.

Kituo kilikuwepo kweli. Kilijengwa miaka minane iliyopita, nguzo ya zege yenye koki inayong'aa, na siku ya uzinduzi utepe ulikatwa. Bomba la kukiunganisha, mita mia sita, halikuletwa. Wafadhili walikwisha kupelekewa picha. Tangu hapo, kila mwaka kamati ya Jumuiya ilipopanga vitongoji vya kupelekewa maji, ilitazama kumbukumbu, ikaona Lusegwa imekwisha kupata, ikaendelea na vingine. Eufrazia, mwenye miaka themanini na tatu, aliteka maji korongoni, dakika arobaini kwenda na kurudi, kwenye kidimbwi ambacho ng'ombe nao walikijua. Wiki mbili mbele kamati ingekaa tena kupanga vituo vya mwaka huu. Filomena alitaka jambo moja: kitongoji chake kiwemo katika orodha hiyo mama yake angali na miguu ya kufika bombani.

"Andika," akasema. "Lusegwa hakuna maji. Kuna nguzo. Watoto huning'iniza madaftari kwenye koki."

Ukurasa ukabubujika. Ulijaza beseni, ukajaza ndoo ya kupigia deki, ukalowesha viatu vya Abeid.

Asubuhi iliyofuata ulikuwa mkavu. Meneja alikuwa amerudisha mistari yake miwili.

Geofrey hakuwa mtu mbaya. Alifika kazini kabla ya wengine, alikumbuka misiba ya wafanyakazi wake, na ndiye aliyemruhusu Jesca kuanzisha Kitabu wakati kamati ikisema ni mchezo. Filomena alimkuta ofisini kwake akichonga penseli.

"Meneja, umenifuta."

"Sijakufuta, mama. Nimerudisha kumbukumbu rasmi."

"Rasmi mbona kavu?"

"Nikiandika kituo hakifanyi kazi, nitaulizwa kwa nini niliandika kinafanya kazi."

"Si useme ulikosea? Abeid kasema alivunja valvu, na bado anakula wali kwake."

"Valvu ni valvu, mama Filomena. Hiki ni kituo."

Filomena akarudi kwa Jesca, wakaandika upya. Meneja akarudisha. Kwa siku tisa ukurasa ulifunguka na kufungika kama koki iliyolegea, maji asubuhi, vumbi mchana, na Kitabu kikatunza kila tabaka: mara thelathini na moja, na majina, na saa. Wafanyakazi walizoea. Aliyetaka kufua kitambaa aliangalia kwanza nani kaandika mwisho.

Kamati ilikaa Alhamisi saa nne asubuhi, wajumbe saba. Walipofika kwenye orodha ya vitongoji, Filomena aliomba ruhusa ya kuonyesha ukurasa. Mwenyekiti akamruhusu. Jesca akaufungua kwa maneno ya Filomena, na maji yakaanguka mezani kwa kishindo. Wajumbe wakainua miguu. Mmoja aliweka mkoba wake juu ya kabati. Mwenyekiti, mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, akakinga kiganja, akaonja.

"Haya yanatoka ukurasa gani?"

"Wa Lusegwa, mwenyekiti," Jesca alijibu.

"Unatoa kiasi gani?"

Abeid akaleta ndoo ya lita ishirini na simu yenye saa. Ilijaa kwa sekunde arobaini. Nusu lita kwa sekunde. Aliulizwa kituo cha kawaida hutoa kiasi gani, akasema kile cha karibu na shule hutoa robo, kikiwa na afya.

"Basi Lusegwa ina maji," alisema mjumbe mmoja.

"Hayako Lusegwa," Filomena alisema. "Yako hapa."

"Yako hapa, lakini ni ya Lusegwa. Si yameandikwa?"

"Waheshimiwa, bomba limebaki mita mia sita tu. Mama yangu aliwapa shamba. Nileteeni bomba."

Meneja Geofrey alinyoosha mkono. Alisema anakubali mbele ya kamati kwamba kilichoandikwa na mama Filomena ni kweli. Maji yenyewe ni ushahidi. Lakini aliwaomba wajumbe watafakari kitaalamu. Ukurasa unasema Lusegwa hakuna maji. Bomba likiunganishwa, ukurasa utakuwa si kweli. Ukiwa si kweli, utakauka. Jumuiya itakuwa imeua chanzo cha nusu lita kwa sekunde ili kufungua koki ya robo.

Wajumbe wakatazamana. Hesabu ilikuwa sahihi. Mwenyekiti aliirudia kwenye karatasi, ikatoka vilevile. Abeid aliulizwa kama fundi, akasema hesabu sawa, ila yeye angeunganisha bomba. Katibu akaandika: fundi amesema hesabu ni sawa.

"Basi kompyuta ipande juu," Filomena alisema.

Akajibiwa kwamba mali ya ofisi haitoki ofisini, kwa mujibu wa kanuni ya kumi na nne. Isitoshe, Lusegwa hakuna mtandao ila juu ya jiwe moja. Jesca alisimama kueleza kwamba alikwisha kupanda juu ya jiwe hilo na simu yake, akaufungua ukurasa, na ulitoa nusu ya kijiko cha chai.

Kamati iliamua ukurasa wa Lusegwa ulindwe kama vyanzo vingine vinavyolindwa, asiruhusiwe mtu yeyote kuuhariri, na kwamba kwa ajili ya uhai wake hakuna bomba litakaloelekezwa kitongojini. Uamuzi ulipita kwa kura zote. Meneja mwenyewe ndiye aliyeweka kufuli, juu ya maneno ya Filomena, na mistari yake miwili ikabaki chini, tabaka la thelathini na mbili kutoka juu, ambako haingeweza tena kumkausha mtu.

"Kwa hiyo sasa tunakosa maji rasmi," Filomena alisema.

"Rasmi, mama," mwenyekiti alisema, akasimama, akampa mkono wa pongezi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minane jambo hilo kuandikwa likabaki limeandikwa, na wengine nao wakapiga makofi.

Tangu wiki iliyofuata watu wa Lusegwa walishuka kuchota Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Abeid alitoboa fremu ya skrini pembeni, akafunga koki ndogo na bomba la plastiki lililotokea dirishani, ili wachotaji wasipange foleni ndani ya ofisi. Alifanya kazi hiyo siku yake ya mapumziko na hakuna aliyemwagiza. Ilinunuliwa betri ya umeme wa jua, kwa sababu umeme ukikatika na maji yalikatika. Kushuka kulichukua saa mbili, kupanda na ndoo kichwani tatu. Maji yenyewe yalikuwa safi, na ng'ombe hawakuyajua.

Eufrazia alishuka na wa kwanza, kanga mbili na fimbo. Aliketi barazani akisubiri zamu.

"Shikamoo, bibi," Jesca alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye mwandishi?"

"Sote ni waandishi, bibi."

"Basi niandike na mimi. Hao wasichana wanapita njia mbaya, watajivunja."

Jesca akafungua ukurasa mpya: Njia ya kupanda Lusegwa ukiwa na ndoo. Eufrazia akaeleza mahali pa kuvua viatu, upande wa kuegemea wakati wa tope, na jiwe la kupumzikia, la pili baada ya migomba.

"La kwanza, bibi," mwanamke mmoja alisema kutoka kwenye foleni. "La pili lina siafu."

"Siafu ni masika tu."

"Basi iandikwe hivyo. Masika la kwanza, kiangazi la pili."

"Na kiangazi la pili lina jua," alisema mwingine. "Nendeni kwenye kivuli cha mwembe, mnapenda kuungua nyie."

"Mwembe ulikatwa."

"Lini?"

"Mumeo ndiye aliyekata!"

Foleni ikacheka, na hilo nalo likaandikwa. Kila siku ya zamu waliongeza. Mmoja alijua namna ya kukunja kata ya kichwani isiyoteleza, mwingine mahali ambapo mtu hubadilishana ndoo na mwenye mimba, na wa tatu wimbo wenye mwendo wa hatua za mteremko wa mwisho. Walisahihishana bila huruma na bila ugomvi. Wasiojua kuandika walisomewa, wakasema pale si hivyo, ni hivi. Ndani ya miezi mitano ukurasa ulikuwa umepitiwa na watu arobaini na sita. Jesca, aliyesoma miaka miwili namna ya kutunza kumbukumbu, alisema hajawahi kuona kumbukumbu iliyotunzwa vizuri namna ile, na alikuwa akisema kweli. Kwenye mkutano mkuu Meneja Geofrey aliusoma wote kwa sauti, polepole, na alipofika kwenye mwenye mimba aliurudia mstari huo. Wageni kutoka wilaya nyingine waliunakili. Walipoufungua kwao ulikuwa mkavu, kwa kuwa haikuwa njia yao.

Pale Bigwa ulidondoka, lakini si sana. Jesca aliweka kikombe. Kwa kuwa maji yake yalikuwa ya vuguvugu, tofauti na mengine, Abeid alipeleka sampuli ikapimwe. Majibu yalirudi baada ya siku kumi: hayana vijidudu, yana chumvi kiasi cha jasho la mtu, hayafai kunywewa. Jesca aliyaandika majibu hayo mwishoni mwa ukurasa, na ukurasa ukaongeza mwendo kidogo.